Chupa ya Tatu ya Zeituni

"Sumu ya panya hailegezi kope za mtu, Afande," daktari alisema bila kuinua macho kwenye jalada la mgonjwa. "Jumatatu nilikuomba usubiri. Ukaniambia huna nafasi ya kusubiri."

Inspekta alisimama kwenye korido ya chumba cha wagonjwa mahututi, kofia kwapani. Nyuma ya kioo, kaka mkubwa wa Wakili alikuwa amelala chali, mashine ikimpumulia. Kitanda cha pili kilikuwa cha jirani yao, mama mshonaji, ambaye bado alipumua mwenyewe, ila macho hayakufunguka zaidi ya upenyo wa tundu la sindano. Wote wawili walikuwa kwenye karamu ya Jumamosi alasiri nyumbani kwa Wakili. Jumapili walianza kuona vitu viwili viwili, ndimi zikawa nzito, mate yakawa hayamezeki. Jumatatu asubuhi Inspekta alikuwa amekwishakamata mtu.

"Ni nini basi?"

"Sumu ya bakteria. Wanakaa kwenye udongo, kwa hiyo kitunguu saumu huwabeba. Ukikizamisha kitunguu kibichi kwenye mafuta, hewa haingii. Chumvi ikiwa haba, ukali wa siki usiwepo, halafu chombo kikae kwenye joto siku nyingi, hapo wamefika kwao. Hakuna harufu mbaya, hakuna rangi ngeni. Unakula, unasifia, unaomba uongezewe. Na sumu haienei sawa chomboni, ndiyo maana wageni wengine ni wazima." Daktari alifunga jalada. "Maabara wamethibitisha leo, kutoka kwenye mabaki ya zeituni ulizoleta. Dawa ya kuzima sumu wameshapewa. Inazuia madhara yasiendelee, lakini hairudishi kilichokwisha kuharibika. Kupona ni wiki kwa wiki."

"Lakini watapona?"

"Mama mshonaji, naamini. Huyu mwingine niulize Ijumaa." Alimkazia macho kwa mara ya kwanza. "Nataka kujua mambo mawili. Nani alizitengeneza na kwa namna gani. Na je, kuna chombo kingine mahali, ambacho bado hakijaliwa? Hilo la pili ndilo linaloninyima raha."

"Aliyezitengeneza ninaye mahabusu."

"Una hakika?"

Jumatatu Inspekta angesema ndiyo kabla swali halijaisha. Leo alivaa kofia, akaivua tena, akaaga.

*

Mpishi aliyekuwa mahabusu walimwita Bi Chumvi, kwa sababu aliweza kunusa sufuria ya mtu mwingine akiwa mlangoni na kutaja kama chumvi imepungua. Alikuwa amempikia Wakili na mkewe miaka kumi na moja. Miezi miwili iliyopita alimjibu mke wa Wakili mbele ya wageni, akafukuzwa siku hiyo hiyo. Tangu hapo alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na ni huko Inspekta alikomfuata Jumatatu, saa nne na nusu, watoto wakiwa kwenye foleni na sahani zao. Alimfunga pingu akiwa na aproni, mwiko mkononi.

Siku ile sababu zilionekana kutosha. Bi Chumvi alifukuzwa kwa ugomvi. Jumamosi ya karamu alionekana akiingia kwa mlango wa jikoni. Kwenye mkoba wake kulikutwa pakiti ya sumu ya panya. Juu ya yote, mke wa Wakili, ambaye watu wote walimwita Madamu, aliandikisha maelezo kwamba zeituni zile zilitengenezwa na Bi Chumvi. Na Wakili mwenyewe alikuwa ameshampigia simu mkuu wa kituo mara tatu.

Alimkuta ameketi kwenye benchi la saruji, aproni ameikunja vizuri na kuiweka magotini.

"Shemeji wa watu anaendeleaje?" Bi Chumvi aliuliza kabla hajasalimiwa.

"Anapumuliwa na mashine."

"Maskini." Alitikisa kichwa. "Haya, Afande. Leo ni yale yale au umekuja na mapya?"

"Nataka uniambie unavyotengeneza zeituni."

Bi Chumvi alimtazama kama mtu anayedhihakiwa. Alipoona kalamu imeshatolewa, alianza kueleza, mikono nayo ikaanza kazi hewani.

"Dukani zinauzwa kwenye maji ya chumvi kali. Unamwaga hayo maji. Kila tunda nalipasua mara tatu kwa kisu kidogo, kisu kisifike kwenye kokwa. Zinateleza kama sabuni. Mwaka wa kwanza vidole vyangu vilikuwa plasta tupu. Halafu naziloweka kwenye maji baridi siku mbili, nabadilisha maji asubuhi na jioni, chumvi ipungue mtu aweze kula kumi bila kuomba maji."

"Kisha?"

"Kisha siki. Siku nzima ndani ya siki, na kitunguu saumu kilichomenywa kimo humo humo. Hapo sina mchezo. Baadaye ndiyo ganda la limau, majani ya rosmari, mbegu za giligilani nilizokaanga kidogo, pilipili kavu moja, na mafuta ya zeituni ya kufunika. Nikifunga kifuniko, chupa inakwenda kwenye friji. Wiki moja, haizidi. Madamu anazipenda kwa karamu zake. Anatumbukiza moja kwenye kila glasi ya kokteli, nyingine anazichoma vijiti na kuzipanga kwenye sahani."

"Siki ikiachwa?"

"Nani aiache?" Alikunja uso. "Mama yake marehemu bwana mmoja niliyemfanyia kazi zamani ndiye aliyenifundisha. Aliniambia, siki si ya ladha, siki ni mlinzi. Nikamwambia Madamu hivyo hivyo, sijui mara ngapi. Lakini yeye jikoni alikuwa anapita tu."

"Jumamosi ulifuata nini kule?"

"Barua yangu ya kazi, nilikwambia. Niliipata kwa mlinzi, nikanywa maji, nikatoka. Zeituni zake sikuzigusa. Niliziona dirishani, karibu na jiko, jua linazipiga. Nikasema moyoni, haya makubwa. Lakini si kwangu tena."

"Na sumu ya panya?"

"Stoo ya shule ina panya. Mwalimu mkuu alinituma. Nilikwambia hilo nalo, Afande. Pakiti hata sijaifungua."

Inspekta alikwenda moja kwa moja chumba cha vielelezo, akaomba mfuko namba nne. Pakiti ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa kiwandani, mshono mzima, haujaguswa. Ndani ya mfuko huo huo kulikuwa na kikaratasi chenye muhuri wa shule: *Tafadhali mpe mpishi wetu sumu ya panya, pakiti moja.* Yeye mwenyewe ndiye aliyevifunga vitu hivyo Jumatatu, na yeye mwenyewe ndiye aliyetia sahihi.

Koplo aliyekuwa zamu alisogea kuchungulia. Inspekta aligeuza kile kikaratasi chini juu.

"Kuna tatizo, Afande?"

"Lete gari," alisema. "Njiani tutapita dukani. Nataka zeituni."

*

Jiko la Madamu lilikuwa safi mno, la mtu aliyesafisha mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Wakili alisimama mlangoni, tai shingoni, saa ya mkononi akiitazama kila baada ya sentensi.

"Ndugu yangu yuko kwenye mashine, Inspekta, na wewe unatuletea vitu vya sokoni?"

"Sitachelewa." Aliweka zeituni mezani, kisu kidogo, bakuli. "Mama, nisaidie. Nionyeshe jinsi Bi Chumvi alivyokuwa akizitengeneza."

Madamu alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Mimi nitajuaje? Mambo ya jikoni nilimwachia yeye."

"Lakini wageni sita wameandikisha kwamba Jumamosi uliwaambia umezitengeneza kwa mikono yako."

"Mwenyeji husema hivyo. Ni adabu ya karamu."

"Sawa. Basi jaribu tu. Pasua moja."

Alichukua kisu kwa mkono wa kulia. Kidole gumba cha kushoto, alichoshikia tunda, kilikuwa na plasta. Pembeni yake, kwenye kidole cha shahada, kulikuwa na mistari miwili myembamba ya vidonda vinavyopona. Alipasua mara tatu, taratibu, bila kuambiwa ni mara ngapi.

Inspekta alimwacha apasue ya pili. Mara tatu tena.

"Nani alikufundisha tatu, Mama?"

Kisu kilisimama.

"Nimemwona akifanya."

"Na hivyo vidonda?"

"Karoti."

"Karoti haitelezi." Inspekta alifungua kabati la chini, lile la vyombo vitupu. Alikuwa amelipekua Jumapili akitafuta sumu, na aliyoitafuta hakuiona. Alichokiona hakukitilia maanani. Alitoa boksi la katoni. Ubavuni palibandikwa karatasi ya duka yenye tarehe: wiki tatu na siku mbili zilizopita. "Chupa za kioo za kuhifadhia. Zimenunuliwa Bi Chumvi akiwa ameshaondoka hapa zaidi ya mwezi. Aliingiaje kuzijaza?"

Wakili aliacha kutazama saa.

"Mimi nilimwambia dereva anunue..." Madamu alianza.

"Mama, sikiliza kwanza." Sauti ya Inspekta haikuwa ya kituoni. "Daktari ameshajua ni nini. Hakuna aliyemtilia mtu sumu. Kitunguu saumu kimekaa kwenye mafuta bila siki, dirishani, juani. Sumu ikajitunga yenyewe. Hakuna anayesema ulikusudia."

Madamu alikaa kwenye kiti polepole, kama anayepima kama kiti kipo. Mkono wenye plasta aliuficha chini ya meza.

"Siki ingezipausha," alisema mwishowe. "Nilitaka zibaki kijani. Nikaziweka dirishani ili watu wanaoingia wazione. Zilikuwa zimependeza."

"Ulisema ni za Bi Chumvi," Wakili alisema. "Uliniambia mimi. Mimi! Nikampigia simu mkuu wa kituo."

"Ungefanya nini ungejua? Kaka yako anakufa kwa mkono wangu! Ungenitazama vipi mezani?"

"Ungempigia Bi Chumvi umwulize, mke wangu. Simu tu."

"Nimpigie?" Aliinua uso kwa mara ya kwanza, umevimba, umelowa. "Nimpigie mtu niliyemfukuza kwa sababu alisema mbele ya wageni kwamba zile zeituni ni zake? Ndilo kosa alilofanya. Mgeni alinisifia, yeye akacheka akasema, Madamu hajui hata kumenya kitunguu. Na kweli sikujua. Miaka kumi na moja nimesifiwa kwa kitu nisichokijua. Nikasema safari hii nitatengeneza mwenyewe, nisiwe mwongo tena."

Wakili aligeukia ukutani. Koplo alijitia kuandika.

"Kwa hiyo miaka yote uliposema ni zako zilikuwa zake," Inspekta alisema, "na mara moja zilipokuwa zako kweli, ukasema ni zake."

Hakulisema kwa kejeli. Alilisema kama mtu anayesoma hesabu na kukuta jibu, na lilipomtoka alitamani asingelisema. Yeye nani wa kumhukumu mtu kwa kusema uongo? Yeye aliuamini kwa sababu ulimwahishia kazi.

Aligeuza boksi, akaliweka mezani mdomo juu. Ndani kulikuwa na vizuizi vya karatasi.

"Nafasi tatu," alisema. "Chupa mbili ziko maabara. Ya tatu iko wapi?"

Madamu alirudisha kisu kwenye bakuli.

"Mama. Iko wapi?"

"Nilimpa mtu."

"Nani?"

"Nitaizungumzia baadaye, si mbele ya..."

"Mtu huyo akila leo kabla ya baadaye yako?"

Alifumba macho. "Mkwe wangu. Mama wa kijana atakayemwoa binti yetu. Walikuja kujitambulisha wiki iliyopita. Nilimwambia ni mapishi ya ukoo wetu, yametoka kwa bibi yangu. Niliandika hata kikaratasi nikabandika."

Inspekta alichukua simu iliyokuwa juu ya friji, akamwekea mezani. "Piga. Weka sauti ya nje."

"Piga wewe. Wewe ni polisi."

"Nikipiga mimi atabishana, atauliza nani kasema, atakutafuta kwanza. Akikusikia wewe atatii mara moja."

Alikosea namba, akaanza upya. Simu iliita mara nne.

"Mkwe wangu jamani!" sauti ya mama mtu mzima ilijaa jikoni, changamfu, sahani zikigongana nyuma yake. "Utaishi miaka mingi, sasa hivi tulikuwa tunakutaja. Nimewaalika dada zangu chakula cha mchana, nataka waonje zile zeituni za bibi yako."

"Mmezila?"

"Bado. Ndiyo nazipanga kwenye sahani hapa. Nimelamba tu..."

"Umelamba nini?"

"Kijiko, si nimelamba kijiko... mbona unanitisha?"

Inspekta alikuwa ameshamwonyesha koplo mlango. Koplo alitoka mbio na simu ya upepo mdomoni, akiita gari la wagonjwa. Madamu alishika simu kwa mikono miwili.

"Mkwe, weka chini. Usimpe mtu yeyote. Nawa mikono. Mimi ndiye niliyezitengeneza na nimezitengeneza vibaya, zina sumu, shemeji yangu yuko mahututi kwa sababu yake. Na si za bibi yangu. Bibi yangu zeituni hakuzijua. Ni za mpishi wangu. Nilikudanganya."

Upande wa pili sahani ziliacha kugongana.

"Nimeweka chini," sauti ilisema, sasa ndogo. "Nifanye nini?"

"Gari la wagonjwa linakuja hapo sasa hivi. Uende nalo, hata kama hujisikii chochote. Nisamehe."

Simu ilikatwa bila jibu.

*

Saa nane mchana daktari alipiga. Mkwe amepata dawa mapema, haoni viwili viwili, atalazwa siku chache aangaliwe. Chupa imefika maabara. Mama mshonaji amefumbua macho akauliza nani anamlishia kuku wake. Kaka wa Wakili bado.

Madamu alikuwa chumba cha maelezo, anaandika upya yale aliyoyaandikisha Jumapili. Angeshtakiwa kwa kutoa taarifa ya uongo. Wakili alisema hatamtetea yeye mwenyewe, atamtafutia wakili mwenzake, kisha akabaki kwenye gari nje ya kituo, kioo kimepandishwa.

Bi Chumvi alitolewa akiwa na aproni yake kwapani. Kwenye korido alikutana na Madamu anayepelekwa kunywa maji. Wote wawili walisimama.

"Siki hukuweka," Bi Chumvi alisema.

"Sikuweka."

"Ungenipigia, ningekwambia. Hata kwa hasira ningekwambia."

"Niliona aibu."

"Mimi nimelala juu ya saruji siku mbili kwa hiyo aibu yako, Mama." Hakupandisha sauti. "Nenda kanywe maji, midomo imekukauka."

Madamu alipita ukutani ukutani, hakuinua uso.

Inspekta alikuwa ameandaa barua kwa mwalimu mkuu wa shule. Aliiandika kwa mkono, akamkabidhi, akatarajia aikunje tu na kuondoka. Bi Chumvi alivaa miwani, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, amesimama palepale kaunta.

"'Imebainika kwamba mtajwa hahusiki.' Imebainishwa na nani?"

"Ni lugha ya ofisi tu, Mama."

"Na hapa: 'makosa yalijitokeza.' Yalijitokeza yenyewe, kama uyoga?"

Kwenye benchi la wanaosubiri, mzee mmoja aliyekuja kuripoti baiskeli iliyopotea alikohoa. Inspekta alichukua barua, akaichana, akaandika nyingine. Bi Chumvi aliisoma hiyo nayo.

"'Alishikiliwa kwa muda kusaidia uchunguzi.' Mimi nilikusaidia? Ulinifunga pingu mbele ya watoto ninaowapakulia. Mmoja alilia, yule mdogo wa mwisho wa foleni. Nani alinifunga? Mwandike."

Inspekta aliichana hiyo nayo. Ya tatu ilimchukua muda mrefu kuliko zile mbili, japo ilikuwa fupi kupita zote. Alipomaliza alitafuta muhuri, akaugonga, akaisukuma juu ya kaunta. Bi Chumvi hakuichukua.

"Miwani yangu imechoka," alisema. "Nisomee, mwanangu."

"Hapa?"

"Kwani wapi?"

Mzee wa baiskeli aligeuza shingo. Mama mmoja aliyekuwa akijaza fomu aliacha kuandika. Koplo, nyuma ya kaunta, alisimama wima bila kuamriwa. Inspekta aliishika karatasi kwa mikono miwili na kusoma.

"'Kwa Mwalimu Mkuu. Mimi, Inspekta wa kituo hiki, Jumatatu nilimkamata mpishi wenu mbele ya wanafunzi wenu. Sikusubiri majibu ya daktari. Sikuutazama ushahidi niliokuwa nao mkononi, ambao ulionyesha kwamba anasema kweli. Hakufanya kosa lolote. Kosa ni langu.'"

Neno la mwisho lilimtoka chini chini, likabaki kati yake na karatasi.

"Hapo mwisho sijasikia," Bi Chumvi alisema.

Akainua kichwa, akalirudia.